Mkojo wa damu si joto

Kaskazi imeshika, na kliniki yetu huku Likoni imejaa watu wa kiuno, kichwa na mkojo unaochoma. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nayajibu hapa kwa pamoja.

Mkojo wa mtu mwenye afya una rangi gani?

Manjano hafifu, kama maji ya limau yaliyozimuliwa. Rangi hiyo hutokana na mabaki ya chembe nyekundu za damu zilizochakaa, ambayo figo huyatoa nje. Usipokunywa maji, figo huyazuia yale machache uliyonayo, na mkojo hukolea na kutoa harufu kali. Wa alfajiri hukolea hata kwa mzima, basi tazama wa mchana.

Mimi ni dereva wa tuktuk. Nikinywa maji kutwa, nitakojoa wapi?

Chooni, kaka. Najua vya kulipia vinakula pesa na foleni ya feri haikungoji. Lakini juzi alikuja mwenzako, mkojo wake kama chai ya rangi, na tangu asubuhi alikuwa amekunywa kahawa tungu na soda mbili. Kiuno kilimuuma siku tatu akawa anameza diklofenaki ya dukani, dawa ambayo humdhuru zaidi mtu aliyekaukiwa maji kwa sababu inazibana figo. Mtu mzima ahitaji kama lita 2 hadi 3 kwa siku, na wa juani aongeze. (Mwenye maradhi ya moyo au figo afuate kipimo alichopewa na daktari wake.) Ukifunga Ramadhani, gawanya maji yako kuanzia futari hadi daku, usiyagugumie yote dakika za mwisho kabla ya adhana.

Madafu je?

Mazuri, ila si badala ya maji, na mwenye kisukari asijimiminie.

Mwanangu wa miaka kumi akikojoa, matone ya mwisho ni damu. Bibi yake asema ni joto.

Shikamoo yake bibi, lakini si joto. Joto hukoleza mkojo, halitoi damu. Wengine huniambia kijana anabaleghe. Habaleghi, anaumwa! Swali langu la kwanza huwa: likizo alikwenda wapi? Mara nyingi jibu ni kwao Kwale au Kilifi, na huko aliogelea bwawani. Hicho ni kichocho. Minyoo yake hutoka kwa konokono wa maji baridi, hupenya ngozi ya anayeoga au kufua humo, na mayai yake hukwaruza kibofu hadi kutoa damu. Baharini hakipatikani, kwa hiyo msiilaumu Shelly Beach.

Kwa wasichana mayai hayo hufika hata kwenye uke na mlango wa kizazi, yakaleta uchafu na damu. Nimeona binti akisutwa nyumbani kwa ugonjwa wa zinaa, kumbe alikuwa akichota maji mtoni.

Lakini tulimpa maji mengi na damu ikakoma.

Damu kukoma si kupona. Naomba mlisikie hili, maana ndilo linalonichosha kuliko yote. Damu ya kichocho huja na kwenda, na minyoo hukaa mwilini kwa miaka. Mkojo ukirudi manjano mnasahau, na miaka mingi baadaye mtu mzima analetwa kibofu kimekakamaa, figo zimevimba, wengine wana saratani ya kibofu. Na angetibiwa mwanzoni, tiba ni vidonge vya prazikwanteli tu, vinavyopimwa kwa uzito wa mgonjwa!

Na wewe baba wa miaka 50 unayevuta sigara, ukiona damu isiyo na maumivu hata mara moja tu, njoo. Kutouma kusikutulize. Damu imekoma? Njoo vilevile.

Wangu umekuwa rangi ya chungwa.

Ukiwa kwenye dawa za kifua kikuu, ni rifampisini. Haina neno, usiache dawa. Vitamini B hutia manjano kali, na bitiruti hutia wekundu. Hujala bitiruti? Basi usijidanganye nayo.

Na wa kahawia kama soda ya kola?

Ikiwa macho yana manjano, au kuna homa, nenda hospitali leo hii. Yaweza kuwa ini, yaweza kuwa malaria kali. Mwarobaini baadaye.

Wangu ni mzito, unanuka na wachoma.

Hayo ni maambukizi ya njia ya mkojo, na kubana mkojo kutwa huyachochea. Tupime kwanza, usinunue antibayotiki za jirani.

Sampuli niilete vipi?

Kwa kichocho, njoo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai hutoka kwa wingi wakati huo. Matone ya mwisho usiyamwage, ndiyo tunayoyataka. Kichupa tutakupa sisi. Mzee mmoja alileta wake kwenye chupa ya juisi ya ukwaju isiyosuuzwa, kipimo kikaonyesha sukari. Tulimpima upya kwa kichupa chetu: sukari hana, damu anayo.