Si ukali wa lenzi, ni rangi

Wengi wakiona picha ya mikunjo ya ndani ya mitokondria, vijumba vinavyozalisha nishati katika seli hai, husema lenzi za hadubini za siku hizi zimekuwa kali. Sivyo. Lenzi bora bado inabanwa na kikomo alichokieleza mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe mwaka 1873: vitu viwili vilivyoachana kwa chini ya nanomita 200 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita) huonekana doa moja.

Kilichokwepa kikomo hicho ni molekuli za rangi inayotiwa kwenye seli, zinazoweza kuwashwa na kuzimwa. Katika mbinu ya Stefan Hell, mmoja wa washindi wa Nobel ya Kemia mwaka 2014, leza ya kwanza huwasha rangi, na ya pili yenye umbo la pete huzima rangi ya pembeni, ikabaki nukta ndogo ya katikati iking'aa. Rangi ikichujuka upesi, hata hadubini ya mamilioni haisaidii.

Seli hai nayo ina masharti. Rangi ipenye utando bila kuua. Rangi nyingi za mitokondria zina chaji chanya, hivyo huvutwa na chaji hasi iliyomo ndani. Mitokondria ikidhoofika, rangi huweza kuvuja. Na ule uzambarau unaopendeza pichani? Mara nyingi huwekwa na kompyuta.