Bastola ya "antiki" yenye kiwambo: kabla hujatuma advansi, soma kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kizota, hapa Dodoma, kanipigia, shikamoo afande, marahaba, akasema ana kaswali kadogo tu. Kuna mtu kwenye grupu la Telegram anauza bastola ya zamani ya Kimarekani, pointi tuu tuu (.22, ndio kipimo cha risasi yake), kiwambo cha kuzuia sauti kimo humo humo kwenye mtutu, bei milioni nne na nusu, advansi milioni moja, na muuzaji kamhakikishia kwamba haihitaji leseni maana ni "antiki". Sasa kaswali kenyewe: akiitundika sebuleni bila risasi, kuna shida?

Kuna shida, kijana wangu. Na kwa sababu sio yeye peke yake, simu za namna hii zimekuwa nyingi toka kampeni ya kusalimisha silaha ianze kutangazwa redioni, nimeona niandike mara moja watu wasome, badala ya kurudia maneno yale yale kila siku kabla sijanywa hata chai.

Kwanza niseme ukweli, hizi bastola nazielewa zinavyovutia. Mtu anayefuatilia historia ya silaha hawezi kuipita hii bila kugeuka. Iliyo maarufu zaidi ni High Standard HDM, imetengenezwa New Haven, Connecticut, kule Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa ajili ya OSS, lile shirika la kijasusi lililokuwepo kabla ya CIA. Walichukua bastola ya kawaida kabisa ya kulengea shabaha, inayobeba risasi kumi, wakaijengea kiwambo kiwe mwili mmoja na mtutu. Sio kile cha kufunga na kufungua mbele kama kofia ya chupa. Zilitengenezwa elfu mbili na ushei tu, ndio maana wakusanyaji wanaziwinda. Na ile .22 waliichagua kwa sababu zake, risasi ni ndogo, baruti kidogo, kelele yake toka mwanzo ni ndogo kuliko ya wenzake. Hata hivyo haiwi kimya, chuma kinagonga chuma na mtu wa chumba cha pili anasikia. Ile "fyuu" ya kwenye muvi imewekwa na fundi sauti.

Tarehe 1 Mei 1960 rubani wa Marekani, Francis Gary Powers, alidunguliwa akiwa kwenye ndege yake ya kijasusi ya U-2 karibu na Sverdlovsk huko Urusi, na kwenye vitu alivyokutwa navyo ilikuwemo High Standard moja yenye kiwambo. Warusi wakaionyesha dunia nzima. Bastola ikapata jina kubwa kwa kukamatwa, na hilo wauzaji wenu wa Telegram hawawaambii.

Halafu kuna hili huwa linanichekesha kidogo, samahani natoka nje ya mada. Kiwambo cha kwanza kuuzika vizuri sokoni alikisajili Hiram Percy Maxim mwaka 1909. Baba yake ndiye Hiram Maxim aliyetengeneza ile bunduki ya rashasha mwaka 1884, bombom kama wazee walivyoiita, ambayo wazungu walitembea nayo Afrika nzima. Bunduki za rashasha ndizo zilizowamaliza watu wetu pale Mahenge Agosti 1905 kwenye Maji Maji. Baba kaleta kelele, mtoto kaleta ukimya, na wote wamekula hela. Haya tuendelee.

Jambo la pili, wanaouza wengi hata hawajui wanachouza. Nimetumiwa tangazo limeandikwa "Welrod .22 orijino". Welrod ni ya Waingereza, jina limetokana na Welwyn ilikobuniwa, na zile za vitani zilikuwa za .32 na za milimita 9, ambazo risasi zake zinagongwa katikati ya kitako. Risasi ya .22 inagongwa ukingoni. Ni vitu viwili tofauti, sasa mtu asiyejua hilo anakuuzia historia gani?

Haya, neno "antiki". Hapa ndipo ninapoishiwa uvumilivu, mtanisamehe. Watu wanaangalia video za Wamarekani wanasikia silaha ikifikisha miaka 50 inaingia kundi la vitu vya kumbukumbu, wanadhani na huku Chamwino ni hivyo hivyo. Kwanza hata huko Marekani kwenyewe hawajamaliza kusikiliza. Kiwambo kule kimebanwa na sheria ya mwaka 1934, kila kimoja kinasajiliwa serikalini kwa namba yake, na kila kilipohama mkono mnunuzi alilipa kodi ya dola 200, mpaka sheria ya mwaka 2025 ilipoifuta hiyo kodi kwa viwambo kuanzia Januari 2026. Kodi ndiyo iliyofutwa, usajili uko pale pale. Na mwaka 1968 walitoa msamaha, kuanzia tarehe 2 Novemba hadi 1 Desemba, kila mwenye kiwambo au silaha inayobanwa na sheria ile ya 1934 na haijasajiliwa aje aisajili. Mwezi ukaisha, mlango ukafungwa. Leo mjukuu wa askari akikuta HDM kwenye dari ya babu yake huko Ohio na haina usajili, hawezi kuisajili, hata iwe na miaka 80. Ni haramu tu. Sasa kama mwenye nchi ya bastola amebanwa hivyo, wewe wa Kizota umeipata wapi hiyo "antiki"?

Wengine wajanja zaidi wananitajia Sheria ya Mambo ya Kale. Ndugu zangu, ile ya mwaka 1964 ikisema masalia ya kale inazungumzia vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Bastola ya 1943 bado ni mtoto mdogo. Na hata ungekuwa na kitu cha 1850, sheria ile inalinda urithi wa nchi, sio leseni ya kumiliki silaha nyumbani. Mnazichanganya.

Sasa sheria inayohusika. Ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya mwaka 2015, kama ilivyopitishwa. Kifungu cha 20 kinahusu silaha, cha 21 kinahusu risasi, na nawaomba mzingatie kwamba ni makosa mawili, kwahiyo ukikutwa na bastola ina risasi mbili ndani hati ya mashtaka itakuwa na shtaka la kwanza na shtaka la pili. Hayaishii hapo. Mashtaka haya yanasomwa pamoja na aya ya 31 ya Jedwali la Kwanza la Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, na vifungu vyake vya 57 na 60. Kosa likishaingia Sura ya 200 utaratibu unabadilika: lazima ipatikane ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na kama kesi itasikilizwa mahakama ya chini badala ya Mahakama Kuu lazima na hati ya kuipa mahakama hiyo mamlaka iwemo kwenye jalada, hivyo ni vitu viwili, ridhaa na hati, na jalada likikosa kimojawapo huo ni mgogoro mwingine. Ukikutwa na hatia, kifungu cha 60(2) kinasema kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Narudia, kisichopungua. Watu wanadhani utalipa faini urudi nyumbani kulima zabibu.

"Lakini afande haifyatui." Hilo analisema mtaalamu wa silaha kwenye taarifa yake ya uchunguzi, husemi wewe wala fundi wako wa Sabasaba. Nimeshuhudia chuma chenye kutu mpaka huoni namba, mwenye nacho anaapa ni pambo, kikawekwa risasi ya majaribio kikaitika. Na risasi kuukuu za .22 ndizo mbaya zaidi, unafyatua inakaa kimya, unageuza mtutu uangalie kulikoni, ndipo inapoamka. Usijaribu.

Kuhusu maombi. Leseni ya silaha inaombwa, ombi linaanzia serikali ya mtaa au kijiji unakofahamika, linapanda polisi wilaya, linajadiliwa kamati ya usalama ya wilaya, linakwenda mkoa, na kote huko utaulizwa silaha ni ya nini. Kujilinda, kuwinda, biashara ya ulinzi, hayo tunayazoea. Kwa kiwambo swali litakuwa hilo hilo na hapo watu wote huanza kuangalia chini. Kiwambo cha nini? Unamficha nani mlio? Mimi katika miaka yangu hapa sijaona jibu lililomridhisha mtu mezani. Kuipenda historia ni jambo jema, ila kuna vitabu, kuna picha, hata mabango makubwa ya kutundika yapo, yanapendeza.

Kundi jingine ninalotaka kulisemea sio wakusanyaji kabisa, ni wafiwa. Mzee alikuwa na silaha kihalali, pengine alifanya kazi na wamisionari au kwenye kampuni za ujenzi zamani, amefariki, watoto wamefungua sanduku la chuma wamekuta bastola na wanaogopa kusema. Mama mmoja wa Mpwapwa aliificha ya marehemu mumewe kwenye debe la mahindi miaka mitatu, akaja kwangu analia. Mama zangu, kulia hakuna haja. Leseni ni ya mtu, hairithiwi kama shamba. Mnatoa taarifa kituoni, silaha inapokelewa kuhifadhiwa, mnaondoka na hati yenye namba ya silaha, aina, idadi ya risasi, jina la aliyepokea na sahihi, na isomeni kabla ya kuondoka maana namba ikikosewa tarakimu moja mtasumbuka. Halafu mnafungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, msimamizi akiteuliwa anapewa Fomu Na. IV, anakuja nayo pamoja na cheti cha kifo na leseni ya marehemu, ndipo tunazungumza kama kuna mrithi anayeomba leseni yake mwenyewe kuanzia mwanzo au inabaki serikalini. Kikao cha ukoo peke yake hakitoshi, hata kikiwa na mihuri ya balozi, diwani na mchungaji.

Wa Kondoa nao nawasikia. Ni kweli Waingereza na Wajerumani walipigana hapo mwaka 1916, majembe yanafukua maganda ya risasi mpaka leo. Ila ndani ya mtutu wa Mjerumani hamna zebaki ya mamilioni, jamani, anayekwambia hivyo anatafuta nauli yako. Ukiona chuma shambani usikisafishe wala usikigonge, weka alama, mwambie mtendaji wa kijiji.

Kusalimisha. Kipindi cha msamaha kinapotangazwa unapeleka kituo cha polisi au ofisi ya serikali ya mtaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, na ndani ya tarehe zilizotangazwa hushtakiwi kwa kuileta. Saa hizo mzizingatie, maana kuna bwana alitaka kuja nayo saa nne usiku kwa bodaboda, bastola kiunoni, ili watu wasimwone. Akisimamishwa njiani na doria atajieleza vipi? Piga simu kwanza, iache ilipo, ofisa ataifuata. Msinitumie picha WhatsApp mkiuliza "hii bei gani", mimi sio dalali, na picha ile ina namba yako ya simu.

Yule kijana wa Kizota alipiga tena jana. Advansi alikuwa ameshatuma kabla hata hajaniuliza mara ya kwanza, alikuwa anaona aibu kusema, na sasa namba ya muuzaji haipatikani. Nimemwambia aje na meseji za muamala zote, asifute kitu, na zile soga za Telegram azipige skrinishoti kabla grupu halijafutwa. Kaniuliza kama anaweza kurudishiwa hela yake. Nimemwambia aje kwanza.