Kishindo ni rahisi kukikamata, kimya ndicho kigumu

Nikieleza kazi yangu ya kutengeneza vifaa vinavyotoa taarifa mzee anapoanguka, watu hudhani ugumu uko kwenye kuhisi mtu anapojibwaga chini. Hapo ndipo rahisi. Ndani ya kifaa kinachovaliwa kiunoni mna kihisi kidogo kinachopima mchapuko, yaani jinsi mwendo unavyobadilika, kwa kipimo cha g. Ukitulia kinasoma g 1, yaani uvutano wa dunia peke yake. Mwili ukianza kuporomoka, namba inashuka kuelekea 0 kwa sehemu ya sekunde, halafu sakafu inapoupokea inaruka hadi g 3 au zaidi. Kisha kimya, na kiwiliwili kilichokuwa wima sasa kimelala. Mfuatano huo hata mwanafunzi anaweza kuuandikia programu.

Tabu ni kwamba wazee wengi hawaanguki hivyo. Data nyingi za kufundishia programu hizi zimetoka kwa vijana waliojiangusha kwenye magodoro ya maabara. Mimi mwenyewe nimejiangusha mpaka nyonga ikaingia rangi, na kila mara nilianguka kama gunia. Mzee hushika ukingo wa meza, goti linalegea, mgongo unateleza ukutani taratibu, anajikuta ameketi chini na hawezi kuinuka. Kwenye grafu hakuna bonde wala kilele, ni kama mtu aliyeinama kufunga kamba za viatu. Kinyume chake, mzee mmoja aliyetusaidia kwenye majaribio alikuwa na mazoea ya kujitupa kwenye kochi kwa uzito wake wote. King'ora kikalia mara tatu asubuhi moja. "Mwanangu," akaniambia, "hiki kitu chako kinaniombea mabaya."

Kwa hiyo ukisikia kifaa kinasifiwa kwa usahihi wa asilimia 99, uliza: 99 ya nini? Kifaa kinachokagua vipande vya sekunde 2 hufanya maamuzi 43,200 kwa siku. Kikikosea 1 tu katika kila 100, hizo ni taarifa 432 za uongo kabla ya siku kuisha, kwa mtu ambaye pengine huanguka mara moja au mbili kwa mwaka. Kabla ya siku ya pili kitakuwa kwenye droo.

Dawa yake ni kukusanya ushahidi zaidi kabla ya kupiga kelele. Barometa husaidia, maana shinikizo la hewa hupanda kwa takriban paskali 12 kwa kila mita unayoshuka. Toka kiunoni hadi sakafuni haifiki hata mita, kwa hiyo ishara ni hafifu na mlango ukibamizwa tu inavurugika. Ushahidi ninaouamini zaidi ni kusubiri: je, ameinuka?

Na muda wa kusubiri upo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na walio hatarini zaidi ni wenye miaka 60 na kuendelea. Lakini si kishindo pekee kinachoua. Mtu akilala sakafuni zaidi ya saa moja, misuli iliyobanwa huanza kuharibika na kumwaga kwenye damu protini zinazolemea figo. Mwili hupoa, maji hupungua, ngozi hupata vidonda. Kuchelewa dakika 2 hakuna madhara makubwa. Kuchelewa mpaka asubuhi kuna.

Kifaa cha kuvaa kina udhaifu mwingine: huvuliwa wakati wa kuoga, na usiku kinakuwa kwenye chaji mwenyewe akipapasa gizani kwenda chooni. Kwa bafuni napendelea rada ndogo ya ukutani. Inaona gizani, haipigi picha, ingawa watu wawili wakiwa pamoja huichanganya. Kamera ina macho makali kuliko zote, lakini nani anataka kutazamwa akioga?

Kuna jambo lilinichukua muda kulielewa. Vifaa vingi humpa mtumiaji sekunde kadhaa za kughairi kabla taarifa haijatumwa. Nikaona kwenye kumbukumbu za kifaa kwamba baadhi ya wazee hughairi wakiwa bado chini, kwa haya, au hawataki kuwaamsha watoto. Sasa programu yangu haifungi tukio kwa kitufe. Mtu akighairi, inanyamaza, lakini inaendelea kutazama, na dakika 3 zikipita bila kuona amesimama, inawapigia wanawe.