Jani la Mkwinini na Lebo Yake

Kwinini, dawa ya malaria, hutoka kwenye magome ya mkwinini, mti wa miteremko ya Andes, milima ya Amerika Kusini, ulio ukoo mmoja na mbuni, mti wa kahawa. Kumbukumbu za mti huu tunazo kabatini, kwenye hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa. Tawi lenye majani na maua hubanwa katikati ya magazeti, hukaushwa, kisha hushonwa au kugandishwa kwenye karatasi ngumu. Pembeni hubandikwa lebo: nani alilikata, lini, wapi, mwinuko gani, ua lilikuwa na rangi gani. Rangi na harufu hupotea mmea ukikauka, na kisichoandikwa siku ile hakirudi. Ndiyo maana naithamini lebo sawa na tawi lenyewe.

Mkwinini unaonyesha jambo hili vizuri kuliko mti mwingine ninaoujua. Mfaransa La Condamine aliuchunguza huko Loja, Ekwado ya leo, mwaka 1737. Mwaka 1753 Linnaeus, mwanabotania wa Uswidi, akaipa spishi jina *Cinchona officinalis*. Wafamasia Wafaransa Pelletier na Caventou walipoitenga kwinini kutoka kwenye magome mwaka 1820, kila mtu akautaka mti huu, na majina yakafumka. Spishi zake huchavushana kwa urahisi, hivyo chotara wakawa wengi na kila mmoja akapewa jina. Msweden Lennart Andersson ndiye aliyepekua sampuli za hebaria nyingi, na mwaka 1998 akabakiza spishi 23. *Cinchona ledgeriana*, iliyosifika kwa wingi wa kwinini, akaihesabu kuwa *Cinchona calisaya*. *Cinchona succirubra* ni *Cinchona pubescens*. Ukitafuta kwa jina moja tu, basi, sampuli nyingi za mti uleule zitakupita.

Siku hizi lebo nyingi zimeingizwa kwenye kanzidata za intaneti. Ni neema kubwa, lakini angalia. Loja ipo kwenye nyuzi kama 4 kusini na 79 magharibi, na kwenye kanzidata kusini na magharibi huandikwa kwa alama ya kutoa. Anayechapa akisahau alama ya kutoa kwenye longitudo, mkwinini wa Andes unaangukia Bahari ya Hindi, kusini mwa Sri Lanka. Akiisahau kwenye latitudo, unaangukia Pasifiki. Makosa hayo ramani huyafichua yenyewe. Linalonisumbua zaidi ni lile lisiloonekana: lebo ya zamani imetaja mji tu, mwingizaji akaweka nyuzi za katikati ya mji, na mti wa mlimani ukahesabiwa kuwa wa bondeni. Mtafiti akikadiria makazi ya spishi kwa takwimu hizo, anakosea bila kujua.

Kuna pia miti iliyopandwa. Wajerumani walipanda mikwinini Amani, Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Na visiwani Galápagos *Cinchona pubescens*, iliyoletwa miaka ya 1940, imetapakaa na kuisonga mimea ya asili. Sampuli ya Amani ni ya thamani, mradi lebo iseme "imepandwa". Neno hilo moja likikosekana, Tanga itaingia kwenye ramani ya asili ya mti wa Andes.

Kwa hiyo, ukifungua rekodi ya mkwinini mtandaoni, usiishie kwenye nukta ya ramani. Fungua picha ya karatasi, soma mwandiko wa mkusanyaji, linganisha mwinuko alioutaja na mahali nukta ilipowekwa. Ukiona haviwiani, iandikie hebaria inayoitunza sampuli. Barua hizo sisi huzisoma, na rekodi hurekebishwa.