Kiboksi cha turbo hakibadilishi programu ya injini

Wengi huamini kwamba kiboksi kinachofungwa kati ya sensa na kompyuta ya injini yenye turbo (feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa) huipa kompyuta hiyo programu mpya. Sivyo. Programu hubaki ileile; kinachobadilika ni taarifa inazopokea.

Fuata nyaya. Sensa ya presha ya hewa kwa kawaida huwa na waya wa volti 5, wa ethi na wa ishara, na kiboksi hukaa kwenye huo wa ishara. Turbo ikisukuma bar 1.2, kiboksi hushusha volti kidogo, kompyuta ikasoma 1.0. Ikidhani presha haijafika, hubana zaidi vali inayopitisha moshi kando ya turbo, nayo turbo huzidi kuzunguka. Nguvu huongezeka kweli, hilo sibishi.

Tatizo ni kwamba kompyuta nyingi hutumia namba hiyohiyo kukadiria petroli na wakati wa kupiga cheche. Hewa imezidi, hesabu haina habari. Sensa ya oksijeni hurekebisha kwa kiasi, na injini ikianza kugonga, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani yake, cheche hucheleweshwa. Lakini hiyo ni kinga ya dharura, si mpangilio wa kuendeshea kila siku. Viboksi bora hurekebisha ishara kadhaa kwa pamoja. Vya hovyo kabisa ni rezista tu, kipande kidogo cha kupunguza umeme, kwenye sensa ya joto la hewa, na hivyo nisingevifunga hata kwa kulipwa.

Na kauli kwamba ukikichomoa kila kitu hurudi papo hapo? Kompyuta huhifadhi marekebisho ya mafuta iliyojifunza, na huhitaji muda barabarani kuyasahihisha.