Kwa nini tumbo huchafuka kabla ya mtihani

Kila msimu wa PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, wazazi hapa Kampala huniletea swali lilelile: mtoto jana alijua kila kitu, leo asubuhi haachi kwenda chooni na mikono inatetemeka. Amerogwa, au ni homa ya matumbo? Kama hana homa wala hatapiki, mara nyingi ni woga tu.

Ubongo ukihisi hatari, huziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini, homoni ya kuuweka mwili tayari. Moyo unaenda mbio, mate yanakauka, viganja vinalowa jasho. Tumbo linachelewa kusaga chakula, lakini utumbo mpana unasukuma kwa kasi zaidi, ndiyo maana choo cha shule hupata foleni kabla ya kengele. Kotisoli, homoni nyingine ya msongo, hufuata baadaye kidogo.

Sasa, karatasi haiumi mtu. Hatari iko wapi? Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walichapisha jaribio ambalo mimi naliona la kikatili: unajieleza kama unayeomba kazi, mbele ya watu wasiotabasamu hata kidogo, kisha unatoa 13 kutoka 1022, unatoa tena, na tena. Ukikosea, unaanza upya. Kotisoli kwenye mate hupanda sana. Mwaka 2004 Sally Dickerson na Margaret Kemeny walipitia tafiti 208 za maabara, wakakuta kotisoli hupanda zaidi mtu anapopimwa na wenzake katika jambo lisilo mikononi mwake.

Kumbe ni macho ya watu. Bwana anayepenya na boda boda kati ya malori ya barabara ya Jinja bila kushtuka, mweke kwenye kwanjula, sherehe ya Waganda ya bwana kutambulishwa ukweni, senga (shangazi wa bibi harusi) akimtafuta ili amtambulishe kwa wakwe, uone kanzu inavyolowa!

Kumwambia mtu wa namna hiyo “tulia” hakusaidii sana. Moyo umeshawaka. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Harvard alionyesha kwamba waliojiambia wana hamu kubwa walihutubia vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia. Kwa hiyo mimi humwambia mwanafunzi wangu aseme, kwa sauti, “Nina hamu ya kuanza.” Mwanzoni wengi hucheka, na kicheko nacho si kibaya.

Wapo wanaonunua propranololi, dawa ya kupunguza mapigo ya moyo. Msimpe mtoto bila daktari: kwa mwenye pumu inaweza kumbana kifua vibaya.