Duara kubwa si dawa kali: dhana potofu kuhusu kipimo cha usugu

"Mbona daktari kaniandikia hii yenye namba ndogo, na hii yenye namba kubwa kaiacha?" Wagonjwa wananiuliza hivyo kwenye dirisha la maabara, mkononi karatasi ya majibu ya kipimo cha usugu, yaani kipimo kinachoonyesha dawa zipi zinawazuia bakteria wao na zipi zimeshindwa. Ndugu zao waliotumiwa picha ya majibu kwa WhatsApp wanapiga simu kuuliza hivyo hivyo. Kinachoniuma zaidi ni kulisikia swali hilo kwa wahudumu wa afya wenzangu, watu waliokaa darasani wakafundishwa kusoma majibu haya. Basi nalijibu kwa kirefu.

Dhana: Dawa yenye duara kubwa kuliko zote ndiyo kali kuliko zote.

Sivyo. Duara ni ile sehemu ya sahani ya maabara iliyoizunguka dawa ambako bakteria hawakuota, na namba ni upana wake kwa milimita. Duara la dawa moja halilinganishwi na duara la dawa nyingine. Linalinganishwa na mpaka uliowekwa kwa dawa hiyo hiyo, kwa kimelea hicho hicho, basi.

Tuchukue mkojo ulioota *E. coli*, bakteria wa kawaida wa maambukizi ya mkojo. Bakteria tumewapaka kwenye sahani ya aga ya Mueller-Hinton (rojo iliyoganda ya kuoteshea bakteria), juu yake tumebandika vikaratasi vya duara vyenye dawa, kila kimoja upana wa milimita 6, kisha sahani ikalala kwenye inkubeta kwa nyuzi 35. Baada ya saa 16 hadi 18 naitoa na kupima kwa rula sehemu ambayo bakteria hawakuota. Sipro imetoa milimita 20. Nitrofurantoini imetoa 18. Mwenye haraka atakimbilia sipro, na atakuwa amechagua dawa iliyoshindwa. Kwa viwango vya CLSI, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya maabara, ambavyo ndivyo tunavyotumia, sipro inataka angalau milimita 26 ndipo tuandike S, yaani dawa inamweza bakteria. Ikiwa 21 au chini yake ni R, yaani bakteria ni sugu. Nitrofurantoini ikifika 17 tayari ni S. Anayelinganisha namba hizo mbili ni sawa na anayedai noti ya shilingi elfu kumi inaishinda dola mia kwa sababu ina sifuri nyingi.

Ukubwa wa duara unategemea mambo mengi yasiyohusu ukali wa dawa. Kikaratasi cha sipro kina maikrogramu 5 za dawa, cha nitrofurantoini kina 300. Molekuli ndogo husambaa haraka ndani ya aga, ilhali kubwa kama ya vankomaisini hujikokota. Kolistini husambaa vibaya kiasi kwamba kikaratasi chake hakiaminiki kabisa. Hiyo tunaipima kwenye mchuzi wa kuoteshea. Aga nayo lazima iwe na kina cha milimita 4 hivi. Ikiwa nyembamba, maduara yanapanuka yenyewe. Bakteria wakipakwa wengi kupita kiasi, yanasinyaa. Ndiyo maana mpaka wa kila dawa huwekwa kwa kuangalia pia kiasi cha dawa kinachofika mwilini kwa dozi ya kawaida, na jinsi wagonjwa walivyopona.

Kosa hili lina pacha wake kwenye majibu ya MIC, yaani kiwango kidogo kabisa cha dawa kinachozuia bakteria kuota. Hapo watu husaka namba ndogo. Lakini kwa *E. coli* yuleyule, sipro yenye MIC ya 1 ni R, na nitrofurantoini yenye 16 ni S. Soma herufi kwanza! Herufi ndiyo jibu.

Na tafadhali, ng'oeni zile karatasi za viwango zilizozeeka ukutani. Viwango vya sipro vilibadilika 2019. Karatasi ya kabla ya hapo itakuambia milimita 22 ni S, wakati leo ni I, yaani katikati ya S na R.

Dhana: Ikiandikwa S, dawa itaponya popote ugonjwa ulipo.

Nitrofurantoini hujikusanya kwenye mkojo, kwa hiyo inatibu kibofu. Maambukizi yakiwa yamepanda kwenye figo au kuingia kwenye damu, S yake haikusaidii. Jentamaisini huweza kutoa duara zuri kwa *Salmonella* wa taifodi, lakini mgonjwa haponi nayo, kwa sababu bakteria hao hujificha ndani ya seli. Kwa hiyo maabara isipokuandikia dawa fulani, usiidai. Mara nyingi tumeiacha makusudi.

Dhana: "Mwili wangu umeshazoea hiyo dawa."

Mwili haujazoea chochote. Sugu ni bakteria, na bakteria huyo anaweza kumhamia mtu ambaye dawa hiyo hajawahi kuimeza.

Dhana: Sindano inashinda vidonge.

Bakteria akiwa R kwa seftriaksoni, kuichoma mara mbili kwa siku hakumbadilishi. Kidonge kilichoandikwa S kinaishinda sindano iliyoandikwa R.

Dhana: Hakuna kilichoota, kwa hiyo maabara yenu ni mbovu.

Mara nyingi mgonjwa ameshameza amoksilini ya duka la dawa tangu juzi. "Kidonge kimoja tu" kinatosha kuwazuia bakteria wasiote kwenye sahani, na bado wakabaki wazima mwilini. Wengine hawaoti kwenye sahani za kawaida hata ungesubiri wiki, kama wa kifua kikuu au klamidia. Hao wana vipimo vyao. Toa sampuli kabla ya dozi ya kwanza. Kama umeshameza, taja jina la dawa na saa uliyoimeza, tuandike kwenye fomu. Mkojo uwe wa katikati (mwaga wa mwanzo kwanza, ndipo ukinge), kwenye kopo tulilokupa sisi na si chupa ya maji, na utufikie ndani ya saa mbili. Ukichelewa kwenye joto, bakteria wachache wa ngozi huzaana humo, nami nitajikuta napima usugu wa vimelea ambao hawajakuumiza.